Kwaresima ya Madhabahu Tupu

Mwaka huu nilirudi Nakuru kwa shughuli ya familia, na Jumapili ikanikuta mtaani Free Area, katika kanisa letu la zamani. Nasema la zamani kwa mazoea tu, kwa sababu cha zamani kilichobaki pale ni kiwanja peke yake. Kuta za mabati zimekwenda, sakafu imewekwa vigae, na zaburi ya siku inaonyeshwa ukutani kwa mashine, maneno makubwa meupe, watu wote wakiisoma pamoja kwa mkupuo mmoja. Nikasoma nao. Nilipofika katikati ya mstari wa kwanza, mdomo wangu ukasimama wenyewe. Wengine wakaendelea. Mama mmoja kando yangu alinitazama kwa huruma, akavua miwani yake akanisogezea, akidhani ni macho yaliyonishinda.

Macho yangu ni mazima, rafiki yangu. Nilikuwa nasubiri upande wa pili.

Nilipokuwa mtoto, katika kanisa hilo hakuna mtu aliyesoma mstari mzima wa zaburi. Benchi zilipangwa safu mbili: upande wa dirisha na upande wa mlango. Sisi wa dirishani tulisoma nusu ya kwanza ya mstari, tukanyamaza pumzi moja, kisha wa mlangoni wakasoma nusu iliyobaki. Hivyo hivyo mpaka mwisho, tukisimama wote na kuimba Atukuzwe Baba. Hiyo pumzi ya katikati ndiyo iliyonitesa. Ukiikosa, sauti yako inabaki peke yake hewani, kanisa zima likikusikia. Niliwahi kuikosa nikiwa na miaka minane, nikaumwa na tumbo siku mbili.

Mimi ni mtu wa hofu. Nilikuwa hivyo hata kabla sijajua kwamba hali hiyo ina jina. Nikisali usiku na ulimi ukateleza, nilianza sala upya, na ukiteleza tena nilianza tena, mpaka dada yangu ananigonga mgongoni kwa goti nilale. Hata aya hii unayoisoma nimeiandika mara tisa. Sikusomea uandishi popote, wala theolojia. Niliyonayo niliyaokota kwenye vitabu vya kuazima na kwenye benchi za kanisa, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na wasiwasi kila mara kwamba kuna ukurasa aliouruka.

Walutheri tulikuwa wachache. Shuleni waliniuliza kama sisi ni Wakatoliki waliofeli mtihani. Mchungaji alitujia mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote tulikuwa na mwinjilisti, mtu mwembamba aliyetengeneza baiskeli siku za wiki na kuhubiri akiwa na weusi wa mafuta kwenye kucha. Na tulikuwa na jirani yetu.

Jirani yetu alikuwa mshonaji. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa michongoma, na tulichota maji kwenye mfereji mmoja wa bomba. Kanisani alikaa upande wa mlango, benchi ya mbele, na yeye ndiye aliyetunza nguo za madhabahu: kitambaa kirefu cheupe, na vile vya rangi vinavyobadilika kwa majira, kijani, cheupe, zambarau. Jumamosi alasiri nilikwenda kwake kumsaidia. Alivilowesha kwa maji ya wali ili vikauke na ugumu, kisha akavipiga pasi ya makaa, akinyunyiza maji kwa vidole. Mpaka leo nikipita mahali panaponukia nguo mbichi chini ya pasi, nasikia sauti yake ikisoma nusu ya mstari na kuningoja nimalizie. Zaburi nyingi ninazozijua kwa kichwa nilizijulia pale, mbele ya ile meza ya kupigia pasi. Baadaye tulishika kitambaa cheupe huku na huku, tukakikunja pamoja. Hakukubali kukikunja peke yake. "Mtu mmoja akikikunja kinagusa chini," alisema, na akisema hivyo alinitazama kana kwamba chini pale kuna mamba.

Nyanya alikaa Kuresoi. Likizo zote nilizitumia huko, kwenye ukungu, nikichimba viazi kwa vidole vilivyokufa ganzi na kuvila vikiwa vimechomwa kwenye majivu, maganda na yote. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akikupenda alikuongezea maziwa kwenye kikombe kabla hujamaliza yaliyomo.

Mwishoni mwa mwaka wa 2007 ulikuja uchaguzi, na baada ya uchaguzi zikaja zile siku za machafuko ambazo wewe pia unazikumbuka. Nyanya alitufikia Januari juu ya lori, amejifunga shali, amevaa gambuti za mpira za mwanamume zisizo zake, na mkononi ameshika sufuria yenye minji, yaani njegere, iliyochemshwa ambayo ilikuwa imeshapoa. Aliyaeleza mambo mara moja tu, nami nikayasikia nikiwa nyuma ya pazia. Nyumba yake ilichomwa mchana. Vijana waliokuja kuichoma aliwajua. Walimwambia kwa adabu, "Nyanya, toka kwanza," wakamngoja achukue sufuria, kisha wakawasha.

Walisema hayo kwa lugha yao, na lugha yao ndiyo lugha ya jirani yetu.

Nataka nikwambie ukweli wote, kwa sababu nusu nimeshawahi kuwaambia watu na haikunisaidia. Ushahidi wangu ulikuwa lugha hiyo, na jambo moja zaidi. Siku mbili baada ya nyanya kuja, nilikwenda kuchota maji nikamkuta jirani mfereji ukiwa wazi, mtungi unafurika, naye anaongea kwa simu kwa lugha yake na kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Nyumbani kwetu nyanya alikuwa ameketi kwenye kiti amevaa gambuti za mtu. Nikarudi na mtungi mtupu.

Zaburi ya mia na tisa niliipata mwenyewe. Hatukuwahi kuisoma kanisani. Ni maombi ya mtu aliyesalitiwa, na anachoomba ni kwamba siku za adui yake ziwe chache, watu wa nje wachukue alivyovifanyia kazi, nyumba yake iwe mahame. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishangaa kwamba iko ndani ya Biblia. Mara ya pili nilishukuru.

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kabla jua halijazama, nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikapiga magoti, nikaisoma polepole, na pale panapotajwa adui nikaweka jina la jirani. Niliisoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma chochote. Nikikosea nilianza upya. Siku saba, kwa sababu saba niliiona kuwa hesabu ya Mungu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilijua ninachofanya.

Wiki hiyo mji wenyewe ukachafuka kwa kulipizana kisasi. Asubuhi ya siku ya nane mlango wa jirani ulikuwa na kufuli, na moshi ulionekana upande wa pili wa barabara. Saa sita mchana walikuja wanaume nisiowajua wakaivunja ile kufuli. Niliona cherehani yake ikipita kwenye mkokoteni, imefunikwa kwa mapazia yake mwenyewe. Mama akanivuta kutoka dirishani. Sikulia. Nilikwenda jikoni nikakaa chini, nikajua kwamba ni mimi.

Kanisa lilifungwa Jumapili kadhaa. Lilipofunguliwa Kwaresima ilikuwa imeanza, na tulipoingia tuliona mambo mawili. La kwanza, upande wa mlango, walikokaa wengi wa lugha ya jirani, ulikuwa umebaki na watu watano. La pili, madhabahu ilikuwa tupu. Nguo zote zilikuwa kwa jirani kwa kufuliwa siku alipokimbia. Kwa mara ya kwanza tuliona kilichokuwa chini ya kitambaa miaka yote: madawati mawili ya shule na kipande cha ubao, na ubavuni mwa dawati moja mtu amechonga moyo wenye mshale.

"Ameenda nazo," alisema mama mmoja.

"Atakuwa ameshona shuka," alisema mwingine, na hakuna aliyemkanya.

Tulipofika kwenye zaburi, upande wetu ulisoma kwa sauti nene, na ule wa mlangoni ukajibu kwa sauti nyembamba kama ya watu walio shimoni. Katika mstari wa tatu nyanya, aliyekuwa ameketi kando yangu, aliinuka na fimbo yake. Akavuka katikati ya kanisa akaenda kukaa upande wa mlango, benchi ya mbele.

"Nyanya, huku ndiyo kwetu," baba alimnong'oneza.

"Kaa chini," nyanya alimjibu, bila kunong'ona. "Hawa watasaidiwa na nani?"

Mimi nilinyamaza. Jumapili hiyo na zote zilizofuata nilichezesha midomo tu, bila sauti. Niliamini kwamba nikisoma zaburi vizuri mtu anapotea, na sikuuamini tena ulimi wangu na jina la mtu yeyote.

Mwinjilisti aliona. Siku moja baada ya shule aliniita kwenye kibanda chake cha baiskeli. Akaniambia kwamba Alhamisi Kuu mimi ndiye nitakayesoma. Nikuelezee desturi yenyewe: Alhamisi hiyo, baada ya Meza ya Bwana, madhabahu huvuliwa kila kitu mbele ya watu, mishumaa, msalaba, kikombe, na mwisho nguo, na wakati inavuliwa mtu mmoja husoma zaburi ya yule aliyeachwa na Mungu wake. Siku hiyo hakuna upande unaojibu. Msomaji ni mmoja.

"Chagua mwingine, mwalimu," nikasema.

"Kwa nini? Wewe ndiye hukosei."

"Ndiyo maana."

Akaiweka chini pampu aliyokuwa ameishika. Nikamwambia, bila kutaja jina, kwamba nilimsomea mtu zaburi na mtu huyo akapotea. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye suruali, akafungua Biblia yake, akanipa.

"Soma hiyo ya Alhamisi. Hapa hapa. Kwa sauti yako mbaya, ukipenda."

Nikasoma kati ya magurudumu. Nilipofika pale wanapomtoboa mikono na miguu na kuzipigia kura nguo zake, akaninyamazisha.

"Huyu anayeongea ni nani?"

"Daudi."

"Daudi alipigiwa kura nguo zake lini?"

Nikafikiri. "Ni Yesu," nikasema, na nywele zikanisimama, kwa sababu nilikuwa nimeisoma zaburi hiyo labda mara hamsini nikihesabu pumzi tu.

"Basi. Pale msalabani hakutunga maombi mapya. Alichukua haya, ya kusomwa na watu wote, na aliyajua kwa kichwa kama wewe. Kwa hivyo ukifungua zaburi usidhani wewe ndiye wa kwanza kuongea. Umemkuta mtu tayari anasali, wewe unajiunga. Ndiyo sababu tunafunga na Atukuzwe Baba. Maombi ni yake, tunamrudishia."

"Hata zile za kulaani maadui?"

Akajikuna kichwa, akaacha alama nyeusi kwenye paji la uso. "Hizo," akasema. "Hizo hata mimi naziogopa. Lakini haziwezi kuwa nje ya mdomo wake, ama tuzikate tutupe. Sasa, yeye ndiye aliyewekwa mahali pa mtu aliyelaaniwa. Akiisoma zaburi ya laana, anaisoma akiwa amesimama wapi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Nenda ufikirie. Ukijua kabla yangu, uniambie." Akachukua pampu. "Na Alhamisi utasoma."

Alhamisi Kuu ibada iliwekwa saa tisa alasiri, ili kila mtu afike kwake kukiwa bado na mwanga. Lilikuwa jua kali la Machi, upepo unaleta harufu ya magadi kutoka ziwani, vumbi jeupe limekaa juu ya majani ya michongoma. Nilikuwa nimesimama mlangoni na akina mama, nimekumbatia Biblia, nilipomwona jirani akipanda njia na mfuko mkubwa wa plastiki wenye mistari.

Alikuwa amekonda. Mazungumzo yakakatika kama redio iliyoishiwa na betri.

"Umerudi?" mama mmoja akauliza.

"Nimeleta nguo."

"Na vile tulijua umeshona shuka."

"Shuka ya zambarau na msalaba katikati?" jirani akasema. "Nani angelala hapo, mama? Askofu?"

Mmoja akacheka kabla hajajizuia, kisha wa pili. Yule wa kwanza hakuwa tayari kushindwa. "Lakini leo tunavua. Si ungengoja Pasaka?"

"Mtavua nini kama hamjavaa?"

Akapita katikati yetu. Alinigusa kichwani akipita, kama alivyonigusa sikuzote. Ndani akafungua mfuko. Nguo zilikuwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, hazina hata mkunjo mmoja wa safari, ila badala ya harufu ya maji ya wali zilinukia moshi wa kuni wa nyumba ya watu wengine. Akaanza kuyavalisha yale madawati. Kitambaa cheupe ni kirefu, kinataka watu wawili, naye alisimama akiwa ameshika ncha moja, ile nyingine ikining'inia juu ya sakafu ya udongo. Hakuna aliyesogea. Mimi ndiye niliyezoea kuishika ile ncha, na miguu yangu ilikataa.

Fimbo ikagonga chini. Nyanya akaenda polepole, akaishika ncha ya pili.

"Inua kidogo upande wako," jirani akamwambia.

"Nimeinua."

"Kidogo tena, nyanya."

Ni hayo tu waliyosema.

Mchungaji alikuwa amefika, na ibada ikaenda kama inavyokwenda. Tulipomaliza Meza, mwinjilisti akanitazama. Nikasimama mbele, nikaanza. Wakachukua mishumaa. Wakachukua msalaba, na kikombe. Nilisoma vizuri, kila neno mahali pake. Kisha wale wawili wakarudi kwa ajili ya kitambaa cheupe. Wakakivua, wakakishika pembe, wakarudi nyuma kila mmoja upande wake mpaka kikanyooka, halafu wakaanza kukikunja: wanakutana, mikono inagusana, mmoja anamwachia mwenzake pembe, wanarudi nyuma, wanakutana tena. Nyanya, aliyechomewa nyumba na vijana wa lugha ya yule mwanamke. Jirani, aliyeibiwa kila alichokuwa nacho hatua ishirini kutoka mlango wetu. Niliinua macho kuwatazama, na nilipoyashusha sikuona nilipokuwa. Niliruka mstari mzima, labda miwili. Sikurudi nyuma. Nikasoma kutoka pale kidole kilipoangukia, na kilikuwa kimeangukia mahali ambapo yule mtu aliyeachwa, baada ya kilio chake chote, anaanza kuwaita wengine ndugu.

Siku hiyo watu hutoka bila kusalimiana, ndiyo desturi. Nikamfuata jirani nyuma ya kanisa, kwenye mfereji, alikokuwa akinawa.

"Aunti. Mimi ndiye nilikufukuza."

Akageuka. "Wewe? Na hiyo mikono kama njiti?"

"Nilikusomea zaburi. Ya mia na tisa. Siku saba. Nikaweka jina lako."

Akafunga mfereji. Nilingoja kofi, na nilitaka linipate.

"Jina gani? La nyumbani ama la ubatizo?"

"Yote mawili."

Akaketi kwenye jiwe la kufulia. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kisha nikaona kwamba anacheka na kulia kwa pamoja, kile kicheko cha kukohoa cha mtu aliyekamatwa. "Haki ya Mungu," akasema. "Hiyo hiyo ndiyo niliwasomea nyinyi."

Sikuelewa.

"Kule kwa ndugu yangu. Nilipoambiwa wamebeba cherehani, nilisema ni majirani wameonyesha watu mlango. Nikamweka baba yako. Nikamweka mama yako. Hata nyanya nilimweka, na sijui alinikosea nini."

"Na mimi?"

"Wewe nilikuruka." Akatazama mikono yake. "Siku mbili. Ya tatu nikakuweka."

Ndege walipiga kelele kwenye mikaratusi. Nikamuuliza kuhusu ile siku aliyokuwa akicheka kwa simu. Ilibidi afikiri kwanza. "Ah. Walikuwa wameniambia ndugu yangu ameuawa. Siku hiyo akanipigia mwenyewe." Alisema bila kunilaumu, kana kwamba ni jambo ambalo mtoto yeyote angeweza kuuliza. Kisha akaniuliza yeye: "Ulikuwa unamalizia na Atukuzwe Baba?"

"Hapana. Ilikataa kutoka."

"Hata kwangu ilikataa. Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi hivyo vitambaa, nikasema leo nitaimaliza vizuri kama ya kanisani. Nikafika hapo, mdomo ukakwama. Nikajiuliza, kama siwezi kumrudishia Mungu haya maneno, nilikuwa naongea na nani siku zote hizi? Nikaweka pasi chini. Nikatafuta mfuko."

Hapo ndipo nikalia. Nilisema nisamehe, nikaisema vibaya, maneno yamepinduka, kamasi mpaka kidevuni, nikajikwaa kwenye jina lake na sikufika kwenye amina. Akanipangusa uso kwa kiganja chenye maji. "Na wewe unisamehe," akasema. "Mimi ndiye mkubwa."

Jumapili ya Pasaka nilimtafuta mwinjilisti kabla ya ibada. Nikamwambia kwamba nimejua mahali Yesu anaposimama. Jirani alikuwa amenyoosha kidole kwetu, nami nilikuwa nimenyoosha kwake, kwa zaburi ile ile, na kama kila mmoja wetu angejibiwa hakuna ambaye angebaki. Kwa hivyo lazima alisimama pale vidole vyote vinapoelekea. Laana za pande zote zilimpata yeye, na Ijumaa akafa nazo. Mwinjilisti akatoa kalamu, akauliza kama anaweza kuliandika hilo.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na wenye elimu wameyasema mambo haya kwa mpangilio mzuri zaidi. Najua pia nilichokuwa sikijui wakati huo, kwamba cherehani ilichukuliwa na watu wenye mikono yao, na nyumba ya Kuresoi iliwashwa na watu wenye viberiti vyao. Zaburi ya mtoto nyuma ya tangi haikufanya hayo. Lakini nilikuwa nimeyataka, na hilo ndilo lililohitaji kusamehewa.

Jirani hakurudi kuishi Free Area. Alikuja Jumapili chache, kisha akahamia mbali na habari zake zikapungua mpaka zikaisha. Pale palipokuwa na nyumba yake sasa pana ghorofa tatu za kupangisha, na ua wa michongoma umeng'olewa. Nyanya hakurudi Kuresoi hata mara moja. Alikaa sebuleni kwetu miaka sita, akilalamika kwamba viazi vya mjini vina maji, na tukamzika Nakuru. Mwinjilisti alihamishwa. Watoto wa shule ya Jumapili niliowakuta mwaka huu hawajui kwamba Walutheri wa hapa waliwahi kula Meza ya Bwana juu ya madawati.

Na mimi bado ni yule yule. Nakagua kufuli mara tatu. Nikisali na ulimi ukateleza, mara nyingi bado naanza upya, ingawa najua yule ninayejiunga naye hakosei na hiyo inatosha. Ila ile sala niliyoisema kwenye mfereji, ile ya kamasi, isiyo na amina, sijawahi kuirudia.

Ilisikika.